Vitambaa Vyeusi vya Mama Feza

Katika Kamalondo nzima, mtaa wetu wa Lubumbashi, uchafu ulimwogopa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa jirani yangu, Mama Feza. Alikuwa mjane wa watu wa Maniema, Mwislamu wa sala tano, na mpishi wa sabuni. Kila asubuhi alichemsha mawese na maji ya soda kali, ile inayobabua ngozi, ndani ya pipa nyuma ya nyumba yake, akakoroga kwa mwiko mrefu, akamimina kwenye fremu za mbao, na sabuni ikishaganda akaikata kwa waya. Moshi wake wote ulikuja kwangu. Nikilalamika aliniambia nishukuru, kwa kuwa hata moshi wake unasafisha.

Mimi ni Mujinga. Kwa Kiluba ni jina la heshima, hupewa mtoto anayezaliwa na kitovu kimemzunguka shingo. Kwa Kiswahili mnajua wenyewe, na mkishamaliza kucheka tutaendelea. Nilibatizwa Simone, lakini Chama tawala cha Zaire kilipotuamuru tutupe majina ya Kizungu nikabaki na hilo moja. Mama Feza aliendelea kuniita Simone kila alipokasirika, tena kwa sauti, ili watu wa Chama wasikie. Kazi yangu ilikuwa maabara, hospitalini. Kwa lugha nyepesi, nililipwa kutazama mikojo ya watu, na kazi hiyo humfundisha mtu kutomwogopa yeyote kupita kiasi.

Kamba ya nguo ya Mama Feza ilikuwa ndiyo bango la biashara yake. Alianika mashuka na kanzu za marehemu mumewe, ambazo hazikuwa na mvaaji tena, ili wapita njia waone weupe. Ukimwuliza kwa nini anapenda weupe kiasi hicho, alikuwa na jibu moja, na alilitoa hata asipoulizwa. Kule Kasongo alikozaliwa, mama yake alimvika kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi, tangu uchanga. Siku ya Idi watoto wengine walitoka na nguo nyeupe, yeye akatoka na kaniki, wakamcheka mpaka akajificha nyuma ya jamvi.

“Miye, mutoto wa mwalimu wa Kurani, kuvaa kaniki sawa mutumwa!” alikuwa akisema. “Mama yangu hakunifundishaka kitu. Hata kitu kimoja! Sabuni nilijifundisha miye peke yangu.”

Mama yake alikuwa amekufa miaka thelathini iliyopita. Kinyongo hakikuwa kimepata habari hizo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Amadi, dereva wa lori la kwenda mpakani Kasumbalesa, mwanamume wa mabega mapana na maneno machache. Wasichana wa mjini walimtaka. Mama Feza akawachuja mmoja mmoja: huyu wa Kipushi anacheka sana, yule wa Annexe mama yake simjui. Mwishowe akapanda treni ya Kindu, na baada ya wiki tatu akarudi na Alima, binti wa kaka yake wa tumbo moja.

“Nikinunua mawese, nauliza iko natoka wapi,” aliniambia juu ya ua. “Sasa muke wa mutoto wangu ndiyo nitanunua na macho ya kufunga? Huyu iko damu yangu. Najua kila tone.”

Kumbukeni maneno hayo. Mimi niliyakumbuka.

Mwaka wa sabini na tano Alima akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Bahati. Kwa desturi yao mzazi hukaa ndani siku arobaini, na kazi zote hufanywa na wengine. Mama Feza akatangaza kwamba vitambaa vya nepi vya mjukuu hatavifua mtu mwingine isipokuwa yeye, kwa sabuni yake, na vitaanikwa mbele, upande wa barabara. Siku ya kwanza vilikuwa vyeupe kama alivyotaka. Siku ya pili vikawa na madoa ya rangi ya chai. Akavifua tena. Siku ya tatu madoa yakawa rangi ya kahawa.

Hapo vita ikaanza. Mama Feza alivichemsha. Aliongeza soda. Alipika sabuni mpya, kali kiasi kwamba ilimbabua vidole. Na kadiri alivyofua ndivyo vitambaa vilivyozidi kuwa vyeusi, mpaka mwisho wa wiki ya pili ungedhani vimefuta masufuria.

“Alima, unakula nini? Unanyonyesha mutoto wino?”

“Shangazi, minakula bukari na sombe, sawa ile bote banakula.”

“Sasa hii inatoka wapi?”

Mtaa nao haukukosa la kusema. Mteja mmoja, Mama Mukuka, alisimama mbele ya kamba, akashika kiuno, akauliza, “Mama Feza, hii sabuni iko ya kufula ao ya kupaka rangi?” Wenye kucheka wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote. Mama Feza akaingia ndani asiage.

Alipotoka alikuwa amepata jibu, na jibu lilikuwa baya. Haikuwa sabuni. Ilikuwa damu.

“Lakini si ulisema iko damu yako?” nikamwuliza.

“Upande wa kaka yangu iko safi! Ile buchafu iko ya mama yake Alima. Bale bantu ba ng'ambo ya muto Lualaba, nilikataaka tangu mwanzo. Siku ya arobaini bakubwa bakikuja, nitabaambia. Alima atapanda treni, arudie kwabo.”

“Na mutoto?”

“Mutoto atabakia na miye. Maziwa iko mu maduka.”

Jioni ile Alima alikuja uani, mahali ambapo bati lilikuwa limetoboka na tuliweza kuonana. Alikuwa na miaka kumi na tisa, hakuwa na ndugu mwingine Lubumbashi nzima isipokuwa huyo huyo aliyetaka kumfukuza. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, “Mama Mujinga, banataka kuniondolea mutoto,” akabaki ameshika ukingo wa bati mpaka nikaogopa utamkata. Nikamwuliza Amadi anasemaje. Akasema Amadi anatazama miguu yake.

Nilikasirika. Nilitaka kwenda kumsukuma Mama Feza ndani ya pipa lake mwenyewe. Badala yake nikamwambia Alima anipe kitambaa kibichi, kabla hakijaguswa na sabuni, nikakifunga kwenye mfuko, nikaenda nacho kazini kesho yake.

Tulikuwa na daktari kijana, Daktari Kapya, aliyetoka masomoni Ulaya karibuni na kuvaa abakosi, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Alikamua kitambaa kwenye chombo cha kioo, akatia matone ya soda kali kama ile ya sabuni, akangoja. Maji yakageuka kahawia, kisha meusi. Nikadhani atasikitika. Akapiga makofi, akaniita “mwananchi” kwa Kifaransa cha Chama.

“Citoyenne Mujinga! Unajua unaniletea nini? Alcaptonurie! Nilisomaka tu mu kitabu, sikuionaka hata siku moja!”

“Docteur, kuna muntu banataka kumunyanganya mutoto juu ya hii kitu. Punguza furaha.”

Akapunguza, akanieleza. Alijua mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, basi akaanzia huko.

“Mwili iko sawa usine. Nyama na maharagwe inaingia huku, watumikaji banaivunja, kila mumoja na kazi yake, anapasia mwenzake. Ule mutumikaji njo enzyme. Sasa mu hii mutoto mumoja hayuko ku nafasi yake. Benye kuwa mbele yake banaendelea kuleta, yeye hayupo kupokea, bintu binajaa. Ile yenye kujaa inatoka na mukojo. Ikikutana na hewa, inakuwa nyeusi. Ikikutana na sabuni kali, mbio zaidi.”

Nikamwuliza mtumikaji huyo ameenda wapi. Akasema hakuwahi kuajiriwa. Ili mwili umtengeneze unahitaji barua ya maagizo, na kila mtu huzaliwa na barua mbili, moja ya baba na moja ya mama. Barua moja ikiharibika, ile nyingine inatosha na mtu hajui kitu. Zikiharibika zote mbili, ndipo vitambaa vinapokuwa vyeusi. Barua hiyo ndiyo jeni, na mtumikaji ndiye yule ambaye vitabu vya Kiswahili humwita kimeng'enya.

“Basi baba na mama bote babili balileta?”

“Bote babili. Lazima. Haiko buchafu, haiko buloji. Na inatokea zaidi kama bazazi beko ba jamaa moja.”

“Itamuumiza?”

“Leo hapana. Kisha miaka makumi ine, mugongo, magoti. Doa mu weupe ya jicho. Masikio inakuwa ya bluu.” Akafungua kitabu chake kikubwa, akanionyesha picha ya sikio la Mzungu mmoja mzee.

Nikavuta kiti, nikakaa.

Mara tano kwa siku Mama Feza alitawadha karibu na ua wetu. Alisukuma kitambaa cha kichwa nyuma, akapaka maji kichwani, kisha akayapitisha masikioni, nami kwa miaka minane nilikuwa nimeyaona masikio hayo juu ya bati. Yalikuwa na kivuli cha bluu ukingoni. Nilidhani ni masizi ya pipa. Na mgongo wake, aliokuwa akiulaumu mwiko? Na lile doa la kahawia pembeni mwa jicho?

“Docteur, muntu mukubwa anaweza kuwa na hii, na asijue?”

“Anaenda ku choo ya shimo, Mujinga. Nani anachungulia kule?”

Najua mtu wa maabara hapaswi kupeleka mambo ya wagonjwa mtaani. Lakini Mama Feza hakuwa mgonjwa wetu. Alikuwa jirani, na jirani ana sheria zake. Nikaomba chupa tatu safi.

Siku ya arobaini ikafika, alasiri, nyumba inanukia pilau. Mtoto alikuwa amenyolewa na kuogeshwa. Mzee Amisi, kaka wa marehemu mume wa Mama Feza, alikuwa ameketi kwenye mkeka kama mkubwa wa ukoo, na karibu na mlango palikuwa na sanduku la Alima, limefungwa kwa kamba. Kuliona sanduku lile kulinitia moto upya. Nikaingia na koti langu jeupe la kazi na karatasi yenye muhuri mkubwa. Katika Zaire ya siku zile karatasi yenye muhuri ilifungua mlango wowote. Yangu ilikuwa fomu ya kuomba glavu.

“Mzee Amisi,” nikasema, “hospitali inataka kujua hii weusi inatoka ku damu gani. Tunahitaji mikojo tatu. Ya mutoto. Ya mama yake. Na ya muntu mwenye damu safi, tulinganishe. Sijue hapa nani mwenye damu safi.” Nikamtazama Mzee Amisi kwa heshima.

Mama Feza akaruka kama amekalia siafu.

“Unamuangalia yeye juu ya nini? Mu hii nyumba damu safi iko yangu! Lete chupa.”

Akaenda, akarudi, na ili asichanganywe na wengine akachana ukanda wa shuka jeupe, akaufunga mwenyewe shingoni mwa chupa yake, mafundo mawili. Alima akaleta yake na ya mtoto. Nikaziweka zote tatu kwenye kigoda uani, juani, mbele ya wote. Kisha nikachota maji ya soda kutoka kwenye ndoo ya Mama Feza, nikatia kijiko kimoja kila chupa.

“Iko soda yako, Mama Feza. Kesho usiseme hospitali ilileta dawa.”

“Tia! Tia! Bantu baone.”

Tukangoja. Mama Feza hakuwa mtu wa kungoja kimya, akasimama mbele ya kigoda, akakipa mgongo, akaanza kuwahutubia wageni kuhusu watu wa ng'ambo ya Lualaba. Chupa ya mtoto ikageuka upesi, nyeusi tii. Akaitupia jicho juu ya bega, akapiga kofi moja. “Munaona!” Chupa ya Alima ikabaki njano, njano ya kawaida kabisa. “Anaficha,” akasema Mama Feza, akaendelea na hotuba. Alieleza kwamba damu ni kama mawese, tone moja la maji linaharibu debe zima.

Nyuma yake, juu kabisa ya chupa yenye ukanda mweupe, kulitokea mstari mwembamba wa kahawia. Ukateremka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna. Mzee Amisi akakohoa, ingawa hakuwa na kikohozi. Mama Feza alikuwa amefika kwa babu wa Alima na jinsi asivyojua kutawadha, na mstari ulikuwa umefika nusu ya chupa.

Ndipo Amadi, ambaye tangu mtoto azaliwe hakuwa ametamka neno mbele ya mama yake, akainua macho kutoka miguuni.

“Mama,” akasema. “Chupa.”

Mama Feza akageuka. Nilikuwa nimengojea uso ule kwa siku kumi na tisa, na nakiri niliufurahia. Alitazama chupa, akatazama ukanda, akatazama ndoo.

“Simone! Umenichezea!”

“Mukojo yako, soda yako, kitambaa yako,” nikasema. “Miye nilileta tu chupa.”

“Feza,” akasema Mzee Amisi taratibu, “ile fundo ulifunga weye mwenyewe. Twende mbele.”

Nikawaeleza basi habari ya barua mbili, kama nilivyoelezwa. Mama Feza hakuwa na hata moja nzima, kwa hiyo Amadi alipozaliwa hakuweza kupata kwake ila iliyoharibika. Alima alikuwa nayo moja ya namna hiyo, na haikuwa na haja ya kuvuka Lualaba, kwa sababu baba yake na Mama Feza walilala tumbo moja. Mtoto akaokota mbili. “Ulitaka damu yenye unajua kila tone,” nikamwambia. “Njo hii.” Kisha nikaongeza, maana nilikuwa nimenogewa, “Ukitaka kuhakikisha, toa kitambaa ya kichwa, tuone masikio.”

Nilidhani atanirushia ndoo. Hakurusha kitu. Aliinua mkono, akagusa sikio lake juu ya kitambaa, kisha akaketi kwenye mkeka polepole, akishika mgongo. Mimi nikaanza kujutia maneno yale ya masikio.

“Kaniki,” akasema.

Hakuna aliyeelewa.

“Bibi yangu, mama ya baba yangu, alikuwa mukali sana. Bake ba bana yake ba kiume, aliwafukuza babili. Mumoja juu alikawia kuzaa. Mwengine sijue juu ya nini.” Alisema akitazama chupa, si sisi. “Mama yangu hakufukuzwaka. Mama yangu alininunulia kaniki. Nikilala kaniki, nikitembea kaniki, Idi kaniki. Ile rangi haionyeshi doa. Bibi angeona nini? Asingeona kitu.”

Akafunika uso kwa viganja vyake vilivyobabuka kwa soda, akalia kama mtoto, kwa sauti. Nilikuwa nimekuja kumuaibisha na nilikuwa nimemuaibisha, lakini kwa machozi yale sikuwa nimejiandaa. Nikakunja fomu yangu ya glavu, nikaitia mfukoni.

“Miaka yote nilimutukana,” akasema. “Na leo njo miye bibi.”

Alima ndiye aliyesogea. Alipiga magoti, akamweka Bahati mapajani mwa shangazi yake. Mama Feza akamshika. Alikuwa amevaa nguo yake nyeupe kuliko zote, ya siku kuu. Na mtoto, ambaye hakuwa na haya ya mtu yeyote, akakojoa papo hapo, mkojo mrefu wa amani, mpaka ukachora ramani kwenye nguo ile.

Mama Feza akatazama doa linavyotanuka.

“Muache,” akasema. “Iko damu safi.”

Mzee Amisi ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake mtaa mzima. Katikati ya kicheko nikamwona Amadi anainama mlangoni, anafungua kamba ya sanduku.

Miaka mingi baadaye, nimekwisha kustaafu, nilisoma kwamba wataalamu wameipata ile barua yenyewe, imekaa kwenye kromosomu ya tatu, na wameipa jina la herufi tatu tu. Mama Feza angesema hilo ni jina fupi mno kwa fitina kubwa kiasi hicho.

Kesho yake baada ya arobaini sikusikia harufu ya mawese. Nikachungulia juu ya bati. Pipa lilikuwa motoni, lakini ndani yake kulichemka rangi nyeusi kutoka sokoni, na Mama Feza alikuwa anakoroga vitambaa vya mjukuu wake kwa mwiko ule ule wa sabuni. Saa sita vilikuwa kwenye kamba, upande wa barabara, dazeni nzima, vyeusi mfululizo. Mama Mukuka akapita, akasimama, akashika kiuno.

“Mama Feza! Leo sabuni imekushinda kabisa?”

Nikangoja tusi. Mama Feza akanyoosha kitambaa cha mwisho kwenye kamba, akakibana kwa kibanio, akakipangusa kwa kiganja.

“Hii iko kaniki,” akasema. “Mama yangu njo alinifundishaka.”